Volti Mia Sita na Hamsini

Vijana wa kanisa, Jumapili ile mliponiita baada ya ibada niwaeleze kazi niliyoifanya Ulaya, binti mmoja wa kwaya aliniuliza, "Bibi, kazi yako ilikuwa na hatari gani?" Kabla sijafungua mdomo wenzake walishacheka. Walikuwa wamenisikia nikisema nilikaa kwenye kiti, nimevaa koti jeupe na glavu, natazama hadubini. Hatari gani hapo? Mvuvi wa visiwani anazama, fundi wa nguzo za umeme anaanguka, bibi Koku wa Buhembe anaumwa shingo!

Nami nikacheka, nikajibu kwamba hatari yangu ilikuwa kusinzia. Mchungaji alikuwa amesimama pale, watu wana njaa, sikutaka kuanza habari ndefu. Lakini jibu la kweli ni kwamba niliogopa karibu kila siku kwa miaka ishirini na miwili, na kuna siku moja niliogopa vibaya sana, tena si huko Ulaya. Nilikuwa huku huku kwetu, nyumbani kwa wazazi wangu Kagoma, nikimenya ndizi. Nimeona niwaandikie hiyo.

Kwanza muielewe kazi yenyewe, maana nilivyoieleza siku ile hata mimi sikujielewa. Kuna mashine kubwa sana zilizofukiwa chini ya ardhi, ambamo wanasayansi hugonganisha chembe ndogo kuliko atomu ili waone ulimwengu umeundwa na nini. Zikigongana, vipande vinatawanyika kila upande. Sasa kuzunguka pale zinapogongana hupangwa vibati vyembamba vya silikoni, vinaitwa vihisi. Wengine husema sensa, lakini mkisema hivyo hapa mtaulizwa mmehesabu watu wangapi. Kipande kikipenya kihisi kinaacha umeme kidogo sana, na huo umeme unatuambia: kimepita hapa. Ukipanga vihisi tabaka kwa tabaka, unaunganisha alama na kupata njia yake.

Shida ni kwamba siku hizi migongano mingi hutokea kwa mkupuo mmoja. Fikirini mlango wa kanisa letu mvua ikiwa imenyesha, watu wa ibada ya kwanza wanatoka na wa ibada ya pili wanaingia. Nyayo zipo tele, lakini zimepandiana. Nani alipita na nani hujui. Ungejua kila unyayo ulikanyagwa saa ngapi, ungewatenganisha. Vihisi vyangu mimi vilikuwa vya kusoma hiyo saa. Tena si kwa dakika wala sekunde. Ni muda mfupi kiasi kwamba mwanga wenyewe, usioshindwa mbio na kitu chochote, ndani ya muda huo unasogea upana wa kidole tu.

Kihisi cha namna hiyo ni chembamba. Sehemu yake inayofanya kazi ni kama nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Ndani yake kuna tabaka linaloukuza ule umeme mdogo, kama jiwe moja linavyoporomosha mengine kwenye mteremko. Tabaka hilo linaishi kwa volti. Zikipungua, kihisi hakisikii. Zikizidi, kinaungua. Na kikishapigwa na mionzi kwa muda mrefu kinazeeka, kinataka volti nyingi zaidi kuliko kilivyokuwa kipya, kama ninavyotaka mimi siku hizi mniite mara mbili ndipo nigeuke.

Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja aitwaye Ingrid, mfupi, mkimya, mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Alinifundisha kuunganisha kihisi na saketi yake kwa nyaya za alumini, nyembamba kuliko unywele. Asubuhi ya kazi hiyo hunywi kahawa, hata kama umezaliwa kwenye kahawa kama mimi. Hupaki mafuta mikononi. Sindano ya mashine inaposhuka unazuia pumzi, inapoinuka unapumua. Unywele mmoja ukidondoka, chini ya hadubini unauona kama gogo limelala barabarani.

Wiki yangu ya kwanza nilipiga chafya juu ya kihisi. Nilivuta barakoa ili nijikune pua, basi, ikaja. Nilitaka sakafu inimeze. Ingrid akanisogezea daftari la kihisi kile, akasema, "Andika."

"Niandike nini?"

"Koku amepiga chafya. Na saa."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Nikaandika. Akaniambia, "Kihisi kilichoharibika kinaniumiza siku moja. Kihisi nisichojua kimepatwa na nini kinaniumiza mwaka mzima."

Nilikaa chini ya mama huyo miaka mingi. Ndiye aliyeniombea nafasi watu wengine walipouliza kama msichana aliyesomea ufundi wa redio Bukoba anaweza kushika kitu cha namna ile. Kwa hiyo kila nilipokosea, hofu yangu ilikuwa na vichwa viwili: nitaharibu kihisi, na nitamwaibisha Ingrid.

Sasa siku yenyewe.

Tulikuwa na vihisi vinne vilivyokwisha kupigwa mionzi miezi mingi kwa makusudi, ili tujue vitakuwaje vikizeeka. Vilikaa kwenye friza daima, maana vikipata joto vinabadilika na kipimo chote kinakuwa bure. Kiwanda kilichovitengeneza kilikuwa kimeacha kuvitengeneza. Yaani ni hivyo vinne, basi. Vilitakiwa kupelekwa kwenye mwale wa chembe, mahali ambapo vingepigwa na chembe halisi tuone kama bado vinasoma saa sawasawa. Muda wa kutumia mwale huo hugawiwa vikundi vingi, na zamu yetu tuliingoja karibu mwaka.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nasafiri. Tata, baba yangu mzazi, alikuwa ametimiza mwaka kaburini, na ndugu walikuwa wamepanga ibada ya shukrani nyumbani Kagoma. Jioni ya mwisho kazini nilivipima vile vihisi ndani ya maabara, pasipo mwale, nione vinavumilia kiasi gani. Kwenye kompyuta, ile ile itakayokwenda navyo mwaleni, nikaweka kikomo cha volti mia sita na hamsini, maana volti hupanda hadi kwenye kikomo. Vikavumilia vizuri.

Hapa mnisikilize. Pasipo mwale, kihisi kinaweza kustahimili volti hizo bila neno. Ndani ya mwale hapana. Chembe moja tu ikipiga mahali pabaya, umeme wote unakimbilia pale pale, kwenye tundu moja, na kihisi kinakufa papo hapo. Sheria yetu ilikuwa kwamba vihisi vya unene ule visipite mia tano na hamsini vikiwa mwaleni. Kwa hiyo nikimaliza kupima nilitakiwa kurudisha kikomo chini. Nilipomaliza nilitazama saa, nikaona treni ya uwanja wa ndege inaniacha, nikachukua begi.

Siku tatu baadaye, saa mbili asubuhi, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yetu Kagoma, tunamenya ndizi za wageni. Wifi yangu Asimwe alikuwa na sufuria kubwa la maharage mekoni. Likafura, povu likamwagikia kuni. Mama akapaza sauti kutoka mlangoni, "Nani kasahau kupunguza moto?"

Kisu kilinitoka mkononi.

Nilijiona nimekaa mbele ya kompyuta. Nikauona ule mstari wa kikomo. Nikaiona namba. Nikajaribu kuuona mkono wangu ukiibadilisha, sikuuona.

"Wifi, umejikata?" Asimwe akauliza.

"Hapana."

"Mbona umekuwa hivyo?"

"Utomvu tu umenirukia jichoni."

Mwale ulikuwa unaanza saa nne asubuhi kwa saa za kule, ndiyo saa tano kwetu. Nilikuwa na saa tatu. Saa tatu, vijana wangu! Simu ya dakika moja ingetosha. Na mimi ndizi nikaendelea kumenya.

Mtu asiyeijua hofu anadhani hofu inakimbiza. Yangu ilinikalisha. Nilianza kujibembeleza: labda nilibadilisha, nimesahau tu kwamba nilibadilisha. Labda Matteo, kijana aliyekuwa msimamizi wa zamu, ataikagua namba kabla ya kuwasha, maana ndiyo kawaida. Labda mwale umechelewa, mara nyingi huchelewa. Nikawaza mkataba wangu uliobakiza miezi sita. Nikamwaza mtu fulani pale maabara ambaye nikikosea husema "wale", yaani sisi Waafrika, na mwenzake akikosea hutaja jina lake. Nikamwaza Ingrid, ataweka miwani ipi aniangalie nayo. Nikaenda chooni mara mbili, na mara zote mbili sikuwa na shida ya choo.

Mtandao kibanjani kwetu, shambani penye nyumba, haukamati. Migomba na bonde vinauzuia. Unakamata barabarani, pale alipokuwa akipanga samaki mama mmoja mchuuzi, mgeni wa Ukerewe aliyekuwa akinunua sato visiwani na kuwaleta Kagoma. Nilikwenda hadi pale. Nikatoa simu, nikatafuta jina la Ingrid, nikaliangalia. Nikarudisha simu mfukoni, nikageuka nyumbani. Nikafika kwenye mgomba wa kwanza, nikarudi tena barabarani. Nikaangalia jina lile tena.

Mara ya tatu yule mama akashindwa kuvumilia. "Dada, kama hapokei huyo mwanaume, achana naye. Njoo ununue samaki."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi yalipotoka hayakuwa ya kicheko tena. Nikarudi nyumbani bila kupiga. Wakati huo ilikuwa inakaribia saa tano.

Mama alinikuta nimesimama nyuma ya tangi la maji. Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa akiyachanganya Kiswahili na Kihaya. Alinishika kidevu kama mtoto.

"Koku. Unaumwa?"

"Siumwi, waitu," nikamjibu kwa heshima.

"Umemwona tata?" Alidhani ni majonzi ya marehemu.

"Hapana, mama. Nimesahau kitu kazini. Kitaharibika."

"Kuna mtu atakufa?"

"Hakuna. Ni kitu tu."

"Kitu cha nani?"

"Cha watu wengi."

"Na hao watu wanajua?"

"Hawajui."

Akaniachia kidevu. "Sasa unanitazamia nini mimi? Waambie wenye kitu."

Nilikimbia. Nilipita kati ya viti vya wageni na kanga yangu ya msiba imefunguka upande, wanakwaya wakanitazama. Pale barabarani nikampigia Ingrid, hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea. Vidole vilikuwa na utomvu mweusi wa ndizi, vinateleza kwenye kioo cha simu. Nikatafuta namba ya chumba cha udhibiti, mahali wanapokaa watu wa zamu. Ikaita muda mrefu. Matteo akapokea.

"Zima umeme wa juu," nikasema. Hata salamu sikutoa.

"Koku? Uko Afrika!"

"Matteo, zima volti. Kikomo ni mia sita na hamsini. Zima sasa!"

Nikasikia kiti kikisukumwa. Nikasikia akimwambia mtu kitu kwa lugha yao. Kisha akarudi. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nimezima. Cha kwanza kimekufa. Kama dakika kumi zilizopita. Tulikuwa tunatafuta sababu, tulikuwa karibu kupandisha cha pili."

Nikakaa chini, kwenye nyasi, kando ya beseni la samaki.

"Umeokoa vitatu," akasema. "Asante, Koku. Umeokoa vitatu."

Baada ya muda simu ikaita, alikuwa Ingrid. Hakulaumu. Aliuliza swali moja tu, alilokuwa akiuliza kila mara kitu kilipoharibika. "Umekumbuka saa ngapi?"

Nikasema, "Sasa hivi."

Nimewaandikia yote haya kwa ajili ya maneno hayo mawili. Kusahau namba ni ubinadamu, nawaambia bila aibu, hata ninyi mtasahau. Lakini hiyo "sasa hivi" haikuwa kusahau, ilikuwa uongo. Niliutoa mwenyewe kinywani, nikijua.

Ibada ya tata ilikwenda vizuri. Niliimba. Sikumbuki nyimbo gani.

Niliporudi maabara nilikuta watu wananipa mikono. Koku alikumbuka akiwa msibani, hebu fikiria! Kwenye meza yangu mtu aliweka chokoleti. Lakini Matteo hakuwepo kwenye meza yake. Uchunguzi wa ajali ulikuwa umeandikwa kurasa mbili, na ukurasa wa pili ulisema msimamizi wa zamu hakukagua kikomo kabla ya kupandisha volti. Ilikuwa kweli, hakukagua. Lakini alikuwa amekesha kuhamisha vifaa, na aliyemwachia namba ile alikuwa mimi, na aliyejua mapema alikuwa mimi. Wakamwondoa kwenye zamu zote za mwale mwaka ule. Alihamishiwa kuhesabu nyaya kwenye ghala.

Wiki mbili nilikuwa siwezi kula. Usingizi ulikuwa ukija na kuondoka. Nikiona Matteo anakuja kwenye korido nilikuwa naingia chumba chochote kilicho wazi. Siku moja niliingia stoo ya mafagio nikasimama humo kama kichaa. Na yeye, maskini, kila akiniona alinisalimia kwa heshima, kwa sababu nilimwokolea vitatu.

Mkutano wa kikundi ulikuwa kila Jumatano. Watu kumi na wanane, meza ndefu, kila mtu na kikombe chake. Walipofika kwenye habari ya ajali, mkuu wa kikundi akasema imefungwa, twende mbele. Nikainua mkono.

"Haijafungwa," nikasema. "Nilikumbuka saa moja asubuhi kwa saa za hapa, kabla hamjafika kazini. Nilipiga simu zimekwisha kupita zaidi ya saa tatu. Simu ilikuwa mfukoni mwangu muda wote. Niliogopa."

Nilimsikia mtu akiweka kikombe chini taratibu sana. Ingrid alivua miwani ya usoni, akaifuta, akairudisha. Kisha akasukuma daftari la kihisi kile kilichokufa hadi mbele yangu. "Andika," akasema. "Saa zote mbili."

Niliandika. Mwandiko wa siku ile ukiuona utadhani ni wa mtoto wa darasa la kwanza.

Baada ya hapo alinipeleka kwenye hadubini, tukiwa wawili. Alitaka nikione. Kwenye uso wa kihisi, safi kama kioo, palikuwa na tundu moja dogo jeusi lenye miale pembeni, kama nyota iliyoungua. Dogo hivyo. Mwaka mzima wa watu kumi na wanane ulikuwa umepotelea hapo. Ingrid hakusema kwamba amenisamehe, wala kwamba hajanisamehe. Alisema, "Hofu yako naielewa. Lakini mimi siwezi kufanya kazi na saa isiyo ya kweli." Tulikuwa watu wa kupima saa, mnaelewa.

Sikufukuzwa. Ukurasa wa pili uliandikwa upya, jina langu likaingia. Mwaka mmoja sikuruhusiwa kugusa volti peke yangu. Kila nikitaka kuwasha ilibidi nimwite mtu, awe hata mwanafunzi, asimame nyuma yangu. Mkataba waliuongeza kwa muda mfupi mfupi, kila mara nikingoja kama mgonjwa anayengoja majibu. Yule anayesema "wale" alilisema sana mwaka ule. Nilikuwa nimempa sababu.

Na Matteo? Alirudishwa zamuni. Siku aliporudi nilimfuata kumwomba radhi. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nilikushukuru, Koku. Nilikushukuru kila siku." Akaondoka. Tulifanya kazi chumba kimoja miaka mingine sita. Alinisalimia asubuhi, aliniaga jioni, na mezani wakati wa chakula hakukaa tena upande wangu. Nilizoea. Nadhani nilizoea.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu tulikuwa mwaleni na vihisi vipya, vizuri kuliko vyote nilivyopata kushika. Matteo ndiye alikuwa kiongozi wa zamu, nywele zimeanza mvi. Mimi nilikuwa nimekaa kona yangu nafunga vifaa kwenye sanduku. Chumba kilikuwa na vijana wanne wenye macho mazuri na digrii zao, wote wako tayari. Matteo akaweka kidole juu ya kitufe, akakiondoa.

"Koku," akasema, bila kugeuka. "Njoo unisomee kikomo."

Niliinuka. Nikasogea kwenye kioo, nikaweka kidole chini ya namba, nikaisoma kwa sauti tarakimu moja moja: tano, tano, sifuri. Nikarudia. Akanisubiri nimalize mara ya pili, ndipo akapandisha volti.